Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mafunzo ya ustawi wa jamii: mhuri haumfundishi mtu kazi

Kwa: Waheshimiwa viongozi mnaosimamia mitaala, vyuo na ajira za maafisa ustawi wa jamii, Tanzania Bara.

YAH: MAFUNZO KWA VITENDO YA WANAFUNZI WA USTAWI WA JAMII

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya ukanda wa pwani. Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne kazini, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikipokea wanafunzi wa fildi kutoka vyuo mbalimbali. Jambo ninaloliandika leo nimekwisha kuwaandikia mara tatu, kupitia kwa mwajiri wangu kama utaratibu unavyotaka. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili ilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Ya tatu haikujibiwa. Nilisimama pia kwenye kikao cha wadau, nikapewa dakika tatu, nikashukuriwa kwa mchango mzuri, tukaenda kula chakula cha mchana. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Nawaheshimu, na wengi wenu mlinitangulia katika kazi hii. Naandika kwa sababu wanaoumia wakati barua zinazunguka hawawezi kuandika barua.

Nianze na kosa langu.

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Ofisi yetu ina maafisa wawili; mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi, na wanafunzi wa fildi walikuwa ishirini na watatu kutoka vyuo vinne. Siku hiyo niliitwa mkoani. Nyuma yangu akaja bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka sita. Mama wa mtoto alikuwa amefariki, baba yuko machimboni Geita na simu yake haipatikani, na bibi mwenyewe macho yalikuwa yameanza kuziba. Alipokelewa na kijana wa mwaka wa tatu, mwerevu, mwenye adabu, anayeandika vizuri. Akajaza fomu, akapendekeza mtoto apelekwe makao ya watoto kwa muda. Nilirudi saa kumi na moja jioni. Nikasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, nikasaini.

Mtoto yule alilala makao usiku kumi na mmoja. Siku ya kumi na mbili alikuja shangazi yake, anayekaa vituo viwili tu vya daladala kutoka kwa bibi. Hakufoka. Aliuliza tu, "Mbona hamkutuuliza?" Yule kijana hakuuliza kwa sababu katika maandishi yake ya darasani familia ni baba, mama na watoto, na wote aliowajua walikuwa wamekwisha. Hakuna aliyekaa naye kumwonyesha kwamba kwetu jalada la mtoto huanza kwa kuuliza ukoo. Aliyepaswa kukaa naye ni mimi.

Tangu siku ile swali limekuwa halinitoki: katika nchi nyingine, kijana yule angeachwa peke yake na jalada lile? Nimetafuta jibu kwa kusoma mitaala ya wenzetu, kwa kuuliza waliosoma nje, na kwa macho yangu nilipopata ziara ya mafunzo ya miezi mitatu kaskazini mwa Uingereza. Jibu ni hapana. Na kinachotutofautisha nao hakiko darasani, maana darasani tunafundisha karibu yale yale, mara nyingine kwa vitabu vile vile. Tunaachana nao pale mwanafunzi anapofika mlangoni mwa ofisi na barua yake ya utambulisho mkononi.

1. Mwanafunzi anapelekwa kazini, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kumfundisha

Uingereza mwanafunzi wa fani hii hutakiwa kukamilisha siku 200 za vitendo: 30 za kujenga stadi, 70 za awamu ya kwanza kazini na 100 za awamu ya mwisho. Siku hizo ni nyingi, lakini si wingi wake ulionishika. Kilichonishika ni kwamba kila mwanafunzi ana mwalimu wa vitendo, yaani mfanyakazi mzoefu aliyesomea namna ya kufundisha wengine kazini, na ofisi inayompokea mwanafunzi hulipwa kwa siku anazokaa pale. Niliruhusiwa kuketi katika kikao kimoja cha usimamizi. Mlango ulifungwa, simu zikazimwa, saa nzima na nusu ikatumika kwa mwanafunzi mmoja na familia mbili alizozitembelea wiki ile. Mwalimu hakumuuliza amefanya nini, hayo yalikuwa kwenye ripoti. Alimuuliza alihisi nini alipoikuta nyumba haina chakula, na kuhisi hivyo kulimfanya aandike nini, na aache kuandika nini. Binti yule alinyamaza kitambo, kisha akasema aliona aibu, ndiyo maana hakuuliza maswali mengine matatu aliyokuwa ameyapanga. Nilikaa pale nikimkumbuka bibi yangu wa Agosti.

Tena kabla mwanafunzi hajamaliza, mwalimu wake lazima amshuhudie akiwa na mteja, kwa macho, na maoni ya wateja wenyewe huingizwa katika tathmini.

Marekani, baraza linaloidhinisha vyuo vya fani hii, lililoundwa mwaka 1952, limeweka saa 400 za kazini kwa shahada ya kwanza na 900 kwa uzamili. Msimamizi awe amesomea fani hii na ametumika angalau miaka miwili. Tangu 2008 baraza hilo linayatambua mafunzo ya kazini kuwa ndiyo namna kuu ya kufundisha fani yenyewe, kama wodi ilivyo kwa daktari. Afrika Kusini shahada ni ya miaka minne, na mwanafunzi husajiliwa kwenye baraza la taaluma angali chuoni. Akimkosea mteja, kipo chombo cha kumwajibisha, na mteja ana pa kulalamika.

Kwangu mwanafunzi huja kwa wiki nane. Ana barua, ana logibuku la kuandika kazi za kila siku, anahitaji mhuri. Msimamizi wa chuo huja mara moja na kukaa kama dakika ishirini, kwa kuwa siku hiyo ana wanafunzi wengine katika wilaya tatu. Simlaumu, nimemwona akila mhogo wa kuchoma ndani ya gari kwa sababu hana muda wa kushuka. Mimi nami sikuwahi kufundishwa kufundisha. Kazi hiyo haimo katika majukumu niliyojaza kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, kwa hiyo kila saa ninayokaa na mwanafunzi huonekana kama saa niliyoipoteza. Afisa mwenye mashauri ya matunzo ya watoto kumi na mawili kwenye benchi asubuhi atafanya nini? Atawatuma wanafunzi kupanga mafaili na kutoa fotokopi, na mwisho wa wiki ya nane atagonga mhuri. Nimefanya hivyo. Wenzangu wamefanya hivyo. Tunawagongea mihuri watu ambao kesho wataamua mtoto alale wapi.

Najua jibu linalokuja: hizo ni nchi tajiri. Basi twende Mumbai. Chuo cha kwanza cha fani hii nchini India kilianza pale mwaka 1936, kikiongozwa na mmisionari Mmarekani, Clifford Manshardt, aliyekuwa akifanya kazi katika mtaa wa Nagpada, miongoni mwa wafanyakazi wa viwandani na familia zao. Leo ni Tata Institute of Social Sciences. Desturi iliyojengeka pale, na katika vyuo vingi vya India vilivyofuata, ni mwanafunzi kuwa kazini siku mbili kila wiki na siku nyingine darasani, muhula baada ya muhula. Alichokosea Jumanne anakijadili na mwalimu wake Jumatano. Sisi kosa la Agosti hukaa hadi Novemba chuo kifunguliwe, na kufikia hapo mwanafunzi amekwisha kulizoea na kuliona ni utaratibu. Kwa vyuo vilivyo Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, ambako ofisi za kata na hospitali ziko umbali wa nauli moja ya daladala, kugeuza wiki nane kuwa siku mbili za kila wiki ni suala la ratiba kwanza, na bajeti baadaye.

Wala hatuna haja ya kwenda India kote huko. Kuanzia mwaka 2006 Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam ilishirikiana na chuo cha Jane Addams cha Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago kuandaa wasaidizi wa ustawi wa jamii wa ngazi ya vijiji na mitaa, wakati yatima wa UKIMWI walipokuwa wengi kuliko maafisa. Mpango ule ulikuwa na siku chache za darasani, kisha miezi ya kazi chini ya usimamizi, kisha kurudi darasani na uliyoyaona. Msaidizi wa kijiji alipewa mpangilio huo wa kujifunza, na mwenye shahada hana. Sielewi kwa nini.

2. Fildi haina anayefeli

Katika miaka kumi na mmoja nimewapokea wanafunzi zaidi ya mia mbili. Mara mbili niliandika kwamba mwanafunzi hajawa tayari kukaa na wateja. Mmoja alikuwa akiwagombeza wanawake waliopigwa na waume zao. Mwingine alisimulia habari za mteja kwenye kundi la WhatsApp. Wote wawili walihitimu na wenzao, na hakuna chuo kilichonipigia simu kuniuliza kwa nini niliandika vile. Uingereza au Marekani mwanafunzi anaweza kufaulu mitihani yote ya darasani na bado asipewe shahada ya fani hii kwa sababu ameshindwa kazini. Mkiniuliza jambo moja tu la kubadilisha kesho asubuhi, nitachagua hili.

3. Tunawafundisha watoto wetu ukoo wa watu wengine

Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Wanafunzi wangu wanamjua Mary Richmond, mmoja wa waasisi wa fani hii Marekani. Wanajua kwamba New York ilianza kozi ya kiangazi mwaka 1898, na kwamba Amsterdam walifungua chuo 1899. Wengine humtaja hata Alice Salomon, aliyefungua chuo chake Berlin mwaka 1908 na kufukuzwa Ujerumani na utawala wa Hitler mwaka 1937. Ni vizuri wajue. Lakini sijapata mwanafunzi anayejua kwamba Johannesburg kulikuwa na chuo cha Jan Hofmeyr, kilichofunguliwa mwaka 1941 kuwafundisha Waafrika kazi hii, na kwamba Eduardo Mondlane, yule kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji aliyeuawa kwa bomu hapa hapa Dar es Salaam Februari 1969, alikuwa mwanafunzi pale. Winnie Madikizela, baadaye mke wa Nelson Mandela, alihitimu pale mwaka 1955, akaiacha nafasi ya kwenda kusoma Marekani, akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Baragwanath. Walimu wetu wa ustawi wa jamii wangekuwa na mengi ya kuzungumza na vijana kwa kuanzia pale.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Katikati ya miaka ya 1980, New Zealand, kamati iliyoongozwa na John Rangihau ilizunguka kuwasikiliza Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile. Walichosikia ni kwamba idara ya ustawi inachukua watoto wao bila kuziuliza koo zao. Mwaka 1989 nchi ile ikatunga sheria: kabla ya uamuzi mkubwa kuhusu mtoto, ukoo uitwe. Afisa anaeleza hatari anazoziona, kisha anatoka nje, ndugu wanabaki peke yao kuzungumza, na baadaye wanaleta mpango ambao afisa ataukubali au kuukataa kwa kupima usalama wa mtoto. Wakabadilisha na mafunzo. Leo shahada ya fani hii kule ni ya miaka minne, na asiyeweza kuonyesha kwamba anajua kufanya kazi na Wamaori hasajiliwi.

Utaratibu ule umesambaa Uingereza, Marekani na kaskazini mwa Ulaya. Sasa umefika kwetu, ndani ya slaidi, ukiitwa mbinu mpya. Nimemshuhudia mwanafunzi wangu akimweleza mzee mmoja wa Kizaramo kwamba ipo njia ya kisasa ya kuwaita ndugu wote wakae pamoja kuzungumzia matunzo ya mtoto. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hicho si kikao cha ukoo?" Kijana yule naye amezaliwa katika ukoo wenye vikao. Alikwenda chuo miaka mitatu, akarudi hajui kwamba anachokijua ni elimu.

Sisemi kila cha ukoo ni kizuri, na hapa ndipo ninapowahitaji wenye mitaala. Vikao hivyo hivyo ndivyo vinavyomaliza kesi za kubakwa kwa watoto kimya kimya, kwa mbuzi na laki tatu, na mwathirika hata ndani hakuitwa. Nimevikuta. Mwanafunzi anapaswa kufundishwa vyote viwili: kumtafuta shangazi, mjomba na baba mkubwa kabla hajajaza fomu ya makao, na kusimama aseme hapana pale ukoo unapotaka kuyamaliza nyumbani mambo ambayo ni ya polisi na Dawati la Jinsia na Watoto. New Zealand hawakuuamini ukoo kwa macho yaliyofumbwa. Wamewafundisha maafisa wao namna ya kukaa nao. Kwetu ni nani anayemfundisha mwanafunzi nafasi ya mtani msibani, mtu pekee anayeweza kumwambia mjane na wakwe zake ukweli kuhusu nyumba na wasigombane? Ni nani anayemfundisha kazi ya somo kwa mwari, na jinsi ya kumwomba somo awe mlinzi wa binti badala ya kumwona ni mpinzani? Nimeyajifunza hayo kwa kukosea, mbele ya wateja.

Wala hatutakuwa tumekiuka viwango vya kimataifa, kama nilivyoambiwa kwenye kikao kile cha dakika tatu. Tafsiri ya kimataifa ya fani hii iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014 inataja maarifa ya wenyeji waziwazi, bega kwa bega na sayansi za jamii. Viwango vya kimataifa vya mafunzo, vilivyowekwa mwaka 2004 na kuhuishwa mwaka 2020, vinataka msimamizi wa kazini awe na sifa na uzoefu, na muda wa vitendo uwe wa kutosha. Aliyesoma viwango hivyo hawezi kuvitumia kutetea hali iliyopo.

Na kazi ya kukusanya maarifa yetu haianzi sifuri. Kati ya 2011 na 2018 Taasisi ya Dar es Salaam, Makerere, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Rwanda zilishirikiana na chuo cha Carinthia cha Austria kutafiti namna kazi hii inavyofanyika Afrika Mashariki, na tafiti zikachapishwa. Nimewauliza wanafunzi kumi na wanane wa msimu uliopita. Wawili walikuwa wamezisikia.

4. Lugha

Mteja anaongea Kiswahili, mwanafunzi anafikiri kwa Kiingereza cha chuo, na ripoti inatoka ikiwa haina mwenyewe. Nilimwomba binti mmoja anieleze kwa Kiswahili neno la Kiingereza alilolirudia mara tisa katika ripoti ya kurasa nne. Alishindwa. Si mjinga, hakuna aliyewahi kumwomba alitafsiri. Neno lenyewe lilihusu kujiweka katika nafasi ya mwenzako, jambo ambalo bibi yake amelifanya maisha yake yote.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayokwenda Mahakama ya Watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009 inasomwa na hakimu kwa Kiswahili, na juu ya taarifa hiyo mtoto anaweza kurudi nyumbani au asirudi. Mwanafunzi wetu anaiandika kwa mara ya kwanza akiwa kazini tayari. Wasweden hufundisha fani hii kwa Kiswidi, Wafini kwa Kifini. Hata ndani ya Uingereza yenyewe, huko Wales, mwanafunzi ana nafasi ya kusoma na kutathminiwa kwa Kiwelisi, lugha ya watu wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam, kwa sababu wamekubali kwamba mzee anayepoteza kumbukumbu au mtoto aliyeumizwa hufunguka kwa lugha ya nyumbani kwake. Siombi Kiingereza kiondolewe chuoni. Naomba ripoti, mahojiano ya mazoezi na mtihani wa vitendo viwe kwa Kiswahili.

5. Nauli

Mwanafunzi wa shahada mwenye mkopo hupata fedha ya mafunzo kwa vitendo. Wengi wa stashahada na astashahada ninaowapokea hawana kitu. Nimekuwa na binti aliyetembea kilomita saba kila asubuhi na kushinda na chai ya rangi. Kisha namfundisha namna ya kumsikiliza mwenye njaa.

Mtasema wanafunzi ni wengi na maafisa ni wachache. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuanza leo, maana wanafunzi hao ndio maafisa wa miaka mitano ijayo. Wakifika kazini hawajui kumsimamia mtu, uhaba utakuwa ule ule na makosa yatakuwa mengi zaidi. Mtasema pia fani yetu imehama kutoka Wizara ya Afya kwenda wizara mpya ya maendeleo ya jamii mwaka 2022, na mambo bado yanapangwa. Nilifurahi siku ile, nikadhani sasa tumepata kwetu. Muda wa kupanga umetosha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nimejitahidi kuomba yanayowezekana.

Kwanza, tathmini ya msimamizi wa kazini iwe na nguvu ya kumzuia mwanafunzi kuhitimu hadi arudie, na chuo kilazimike kuijibu kwa maandishi.

Pili, iwepo kozi fupi ya wasimamizi wa kazini, hata ya siku tano, na kazi hiyo iingizwe katika majukumu na upimaji wa afisa. Msimamizi mmoja asipewe zaidi ya wanafunzi wanne kwa wakati mmoja. Ofisi isiyo na msimamizi isipelekewe mwanafunzi, hata kama ina viti.

Tatu, kila mwanafunzi awe na saa moja ya kikao cha usimamizi kila wiki, iliyosainiwa na wote wawili pamoja na walichozungumza, na ashuhudiwe na msimamizi akiwa na mteja angalau mara mbili. Saa hizo zichukue nafasi ya logibuku la sasa.

Nne, vyuo vya mijini vianze majaribio ya siku mbili kwa wiki.

Tano, kiandaliwe kitabu cha mashauri ya kwetu, kwa Kiswahili, kutoka katika mafaili ya halmashauri, majina na alama zote za utambulisho zikiwa zimefutwa. Mimi niko tayari kutoa jalada la yule mtoto wa Agosti liwe la kwanza, pamoja na saini yangu iliyokosea. Shangazi yake nimekwisha kumwomba ruhusa, amekubali.

Sita, mwanafunzi asiye na mkopo apewe nauli na chakula cha mchana kwa siku za kazini.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku tisini, na naomba mnapokaa kulijadili muwaite maafisa wa halmashauri na wanafunzi wenyewe, mtupe zaidi ya dakika tatu. Nitakuja kwa nauli yangu.

Wanafunzi wa msimu huu wameripoti Jumatatu. Ni kumi na tisa.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa Ustawi wa Jamii,
Halmashauri, ukanda wa pwani